“Ndiyo, Mwalimu”: Kuridhika si Kipimo cha Hali ya Shule

Januari 2023, Baraza la Mitihani la Tanzania lilitangaza matokeo ya kidato cha nne bila kutaja shule kumi bora. Swali la zamani likarudi upya: shule nzuri tutaijuaje? Jibu linalovutia ni kuwauliza wenyewe, yaani wanafunzi, walimu na wazazi. Makala haya yanaiunga mkono njia hiyo, ila yanadai kwamba hojaji inayouliza watu wameridhika kiasi gani haipimi hali ya shule. Hupima adabu.

Mazoea ya darasani yanatosha kulionyesha hilo. Mgeni akiingia, watoto husimama na kumwamkia kwa sauti moja. Akiwauliza, “Mnafundishwa vizuri?” hujibiwa “Ndiyooo!” kwa sauti ileile. Hajadanganywa, ameamkiwa mara ya pili. Mzazi naye, akiulizwa na mtu aliyeshika faili, husema “tunashukuru”, maana kesho mwanawe anarudi kwa mwalimu yuleyule. Mwalimu hujaza fomu akijua kwamba itapita mezani kwa mkuu wake. Kila mmoja ana sababu ya kuridhika mbele za watu.

Dawa ni kuuliza matukio badala ya hisia. Tuchukue adhabu. Kanuni za mwaka 2002 zinataka viboko visizidi vinne, vitolewe na mkuu wa shule au mwalimu aliyemwidhinisha kwa maandishi, na kila adhabu iandikwe kitabuni. Mwanafunzi akiulizwa kama anajisikia salama, jibu lake halina pa kulinganishwa. Akiulizwa, “Tangu Jumatatu umechapwa mara ngapi, na kwa kosa gani?” jibu lake linaweza kuwekwa kando ya kitabu cha adhabu. Tuseme kitabu kina mistari miwili, na darasa moja tu limetaja adhabu ishirini. Pengo hilo linasema mengi kuhusu shule kuliko alama yoyote ya kuridhika.

Kwa sababu hiyohiyo, majibu ya makundi matatu yasichanganywe kuwa wastani mmoja. Walimu wakisema wazazi hawaji vikaoni, na wazazi wakisema hawapewi taarifa, wastani utaonyesha shule ya kawaida, na ugomvi wenyewe utakuwa umefukiwa.

Wapo watakaosema kwamba mtoto hana ujuzi wa kumpima mwalimu. Ni kweli, hana. Lakini kujua kama mwalimu wa hisabati aliingia darasani jana hakuhitaji shahada. Tena ushahidi upo. Anthony Bryk na wenzake, katika kitabu chao cha 2010 kuhusu shule za msingi za Chicago, walitumia hojaji za walimu na wanafunzi kupima nguzo tano, zikiwamo uongozi, ushirikiano wa walimu na uhusiano na familia. Shule zilizokuwa imara katika nyingi kati ya nguzo hizo zilikuwa na nafasi mara kumi zaidi ya kupiga hatua kuliko zilizokuwa dhaifu.

Hata hivyo, hojaji nzuri huharibiwa na matumizi mabaya. New York ilianza kuwauliza wazazi, walimu na wanafunzi mwaka 2007, na majibu yao yakaingizwa katika hesabu ya daraja la shule, kuanzia A hadi F. Mwalimu aliyesema ukweli mchungu alikuwa anaipunguzia shule yake alama. Madaraja hayo yalifutwa 2014. Fundisho ni kwamba jibu likishakuwa na thawabu au adhabu, hugeuka kuwa “ndiyo, mwalimu”.

Kwa hiyo, kabla ya kutunga maswali, wathibiti ubora na kamati za shule waanze na mambo matatu: fomu isiwe na jina, mwalimu wa darasa asiwe ndiye anayeikusanya, na matokeo yasomwe katika kikao cha wazazi kabla hayajapelekwa wilayani. Shule isiyoweza kuyakubali hayo matatu imekwisha kujipima yenyewe.