HAKI YA WAZAZI: MAULAMAA WA CHINA NA MILA YA CONFUCIUS

 

Wahubiri wengi hupenda kuitaja ile kauli ya kutafuta elimu hata ikiwa ni China. Wanazuoni wa hadithi wameichunguza. Imam al-Bayhaqi ameeleza kuwa matini yake ni mashuhuri lakini isnadi zake ni dhaifu, na Ibn al-Jawzi ameiingiza katika mkusanyiko wake wa hadithi za kuzuliwa. Basi haifai kuinasibisha kwa Mtume (s.a.w.). Hata hivyo, kutosihi kwa kauli hiyo hakuifanyi historia ya China kuwa haina mazingatio. Ujumbe wa Waarabu ulifika katika dola ya Tang mwaka 651, zama za ukhalifa wa Sayyidna Uthman (r.a.), na tangu karne hizo Waislamu wameishi huko wakiwa wachache, katikati ya watu wenye mila ya kuwatukuza wazazi na mababu kuliko jambo lolote.

Waislamu hao waliifanyaje mila hiyo? Waliikumbatia yote, waliitupa yote, au waliipima? Ndugu msomaji, swali hili linatuhusu sisi tuishio kandokando ya Ziwa Viktoria, ambako Mwislamu huitwa na ukoo wake kwenye tambiko la masamva, na ambako pia kumemwagika damu za wazee wasio na hatia.

Mafundisho ya Confucius

Confucius aliishi kati ya mwaka 551 na 479 kabla ya kuzaliwa Nabii Isa (a.s.). Katika mafundisho yake, wema kwa wazazi, ambao Wachina huuita xiao, ni shina la tabia njema zote. Herufi inayoandika neno hilo ina alama ya mzee juu na ya mtoto chini, mfano wa kijana aliyembeba mzazi wake. Alifundisha kuwa kumlisha mzazi hakutoshi, kwani hata wanyama wa kufugwa hulishwa na wenyewe. Kinachotofautisha ni heshima. Wanafunzi wa madhehebu yake wakapanga mahusiano matano ambayo jamii husimama juu yake: mtawala na raia, baba na mwana, mume na mke, kaka na mdogo wake, na rafiki kwa rafiki.

Mwanafunzi wake mmoja alilalamika kuwa kuomboleza miaka mitatu kwa kufiwa na mzazi ni muda mrefu mno. Jibu la mwalimu lilikuwa kwamba mtoto naye hubebwa mikononi mwa wazazi wake miaka mitatu kabla ya kujitegemea. Baadaye dola ikaifanya desturi hiyo kuwa kanuni, hata afisa aliyefiwa na mzazi alipaswa kuacha kazi kwa muda wa miezi 27.

Yanapokutana na yanapoachana

Mwenye kusoma Qur'ani ataona mara moja mahali pa kukutana. Katika Suratu Luqman, aya ya 14, wasia wa kuwatendea wema wazazi umefungamanishwa na uchovu wa mama katika mimba na kunyonyesha kwa miaka miwili. Suratul Ahqaf, aya ya 15, imetaja miezi thelathini. Na katika Suratul Israa, aya ya 23, amri ya kuwafanyia hisani wazazi imefuatana na amri ya kumwabudu Allah peke Yake, na mtoto amekatazwa hata neno dogo la kuonesha kuchoshwa nao.

Lakini yapo mambo matatu ambayo njia zinaachana.

La kwanza ni maombolezo. Mtume (s.a.w.) amemkataza mwanamke muumini kukaa katika maombolezo zaidi ya siku tatu kwa maiti yeyote, isipokuwa mume, ambaye ni miezi minne na siku kumi. Huzuni ya moyo haina lawama, bali sharia haikutaka uhai usimame kwa ajili ya aliyekufa.

La pili ni ushahidi. Confucius aliona kuwa uadilifu ni mwana kumsitiri baba yake aliyeiba, na sheria za dola ya Tang zikamwadhibu mtoto amshitakiye mzazi. Ama sisi, Suratun Nisaa, aya ya 135, inatuamrisha kusimamia haki hata dhidi ya nafsi zetu na wazazi wetu. Ndiyo maana jamhuri ya mafakihi wakaukubali ushahidi wa mtoto dhidi ya mzazi wake, na wakaukataa ule wa kumtetea kwa kuchelea upendeleo.

La tatu, na ndilo kubwa, ni ibada. Mila ya China ilimtaka mwana asimamishe kibao chenye jina la babu, akisujudie na kukiwekea chakula na ubani. Hapo hisani imegeuka kuwa shirki. Aya ya 15 ya Suratu Luqman imeweka mpaka: hakuna kuwatii wazazi katika shirki, lakini kuishi nao kwa wema duniani kunabaki palepale.

Kazi ya maulamaa wa Kihui

Katika karne ya 16, Hu Dengzhou (1522–1597) wa Shaanxi alianzisha utaratibu wa kusomesha ndani ya misikiti, na matunda yake yakawa wanazuoni walioandika kwa Kichina. Mwaka 1642 Wang Daiyu alichapisha Zhengjiao Zhenquan, akieleza kuwa anayemtii Mola wa haki lazima awe mwema kwa wazazi, na kwamba wema kwa wazazi bila ya kumjua Mola haujakamilika.

Wang Daiyu aligusa pia nukta nyeti. Mencius, mfuasi mkubwa wa njia ya Confucius, alihesabu kukosa kizazi kuwa ni ukosefu mkubwa kuliko wote kwa wazazi. Wang Daiyu akaigeuza maana yake: kukatika kizazi hasa si kukosa watoto, bali ni kukosa elimu, kwa kuwa mtoto asiyefundishwa ni kama hayupo. Fikra hii iko karibu na hadithi iliyopokelewa na Imam Muslim juu ya mambo matatu yasiyokatika baada ya mauti, miongoni mwao elimu yenye manufaa na mtoto mwema mwenye kuomba dua.

Akafuata Liu Zhi wa Nanjing, ambaye kitabu chake Tianfang Dianli cha mwaka 1710 kilieleza fiqhi na adabu za Kiislamu kwa lugha ya wasomi wa China. Aliyachukua mahusiano yale matano akayaanza na mume na mke, kwani ndoa ndiyo chanzo cha mzazi na mtoto. Wahui wakabaki wakizika kwa sanda bila jeneza, na badala ya chakula cha mizimu wakasoma Qur'ani na kulisha watu. Hata hilo halikukosa mjadala: Ma Wanfu, aliyerejea kutoka Makka mwishoni mwa karne ya 19, aliasisi kundi la Yihewani lililopinga hitima za aina hiyo. Msomaji ataona kuwa mjadala tunaousikia misikitini kwetu si mgeni duniani.

Amiri wa bahari na kaburi la baba yake

Mfano wa mila hii uko karibu na pwani yetu. Amiri Zheng He, aliyezaliwa Yunnan mwaka 1371 katika ukoo wa Kiislamu wa Ma, ndiye aliyeongoza safari saba za merikebu za China kati ya 1405 na 1433. Merikebu hizo zilifika Mogadishu, Barawa na Malindi. Baba yake na babu yake wote waliitwa kwa jina la Haji. Alitekwa angali mtoto katika vita na akahasiwa, hivyo hakuwa na mtoto wa kumzaa. Hata hivyo, mwaka 1405, kabla ya safari ya kwanza, alihakikisha kaburi la baba yake limesimamishiwa jiwe lenye maandishi ya kuhifadhi habari zake. Aliyenyimwa kizazi hakuacha kuwa mtoto wa babaye.

Na sisi wa Kanda ya Ziwa

Leo Wachina tunao. Daraja la Kigongo–Busisi lililozinduliwa Juni 2025 limejengwa na makampuni yao. Huko Gongo la Mboto, Dar es Salaam, wamezikwa wenzao waliofariki wakati wa ujenzi wa reli ya TAZARA (1970–1975), na wenzao hulizuru eneo hilo msimu wa Qingming, mwezi wa Aprili. Watu wasio na Kitabu hawajawasahau wafu wao. Je, sisi tunawakumbuka walio hai?

Usukumani kijana hupiga goti kumsalimia mkubwa wake. Hiyo ni desturi ya heshima, haina kosa maadamu haina rukuu ya ibada. Kanuni ya mafakihi inasema desturi huzingatiwa katika hukumu pale isipopingana na nassi. Lakini katika ardhi hiyohiyo, vikongwe wameuawa kwa tuhuma za uchawi, mara nyingine kwa sababu tu ya macho mekundu yaliyotokana na moshi wa jikoni. Balaa hili ni la miaka mingi. Katika miaka ya 1970, marehemu Mzee Ali Hassan Mwinyi alijiuzulu Uwaziri wa Mambo ya Ndani baada ya watuhumiwa kufia mikononi mwa polisi katika msako wa wauaji Mwanza na Shinyanga. Pengine wanaomshuku mama huyo ni jamaa zake wenyewe, ambao kesho watamchinjia mbuzi akiwa mzimu.

Hapa ndipo penye wajibu wa imamu. Akikataza tambiko tu, amefundisha nusu ya aya. Ibn al-Mundhir amenukuu ijmai kuwa nafaka ya wazazi mafukara wasio na kipato ni wajibu katika mali ya mtoto. Basi hutuba ikataze masamva, na papo hapo iulize nani anamletea maji bibi yule anayeishi peke yake, na nani atasimama mlangoni pake siku atakaponyooshewa kidole. Uchawi hauthibiti kwa rangi ya macho wala kwa ramli ya mganga, na mwenye kuiua nafsi kwa dhana amebeba dhambi ya kuua.

Maulamaa wa China waliipokea heshima waliyoikuta, wakaondoa sijda ya mizimu, na wakairudisha haki kwa mzazi aliye hai. Mizani ile ile tunayo sisi. Tunamuomba Allah atujaalie kuwa wema kwa wazazi wetu, na awarehemu waliotangulia.

Wallahu aalam.