Stesheni ya Kongwa: Kutoka Reli ya Karanga hadi Kambi ya Ukombozi

Historia ya reli nchini Tanzania aghalabu huandikwa kwa kuzifuata njia zilizodumu, yaani Reli ya Kati, iliyoanza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905 na kufika Kigoma mwaka 1914, na Reli ya Tanga, iliyoitangulia. Matawi yaliyong'olewa hutajwa kwa sentensi moja au mbili, kisha mwandishi huendelea na mambo mengine. Tawi la Kongwa, lililochepuka kutoka Reli ya Kati katika stesheni ya Msagali mashariki ya Dodoma, ni mojawapo ya matawi yaliyopewa nafasi hiyo finyu. Kwa upande mwingine, wanahistoria wa harakati za ukombozi wa Kusini mwa Afrika huanza habari za Kongwa mwaka 1964, wapiganaji walipopewa eneo lenye jengo chakavu la reli, na hulitaja jengo hilo kama pambo la mandhari tu, bila kuuliza lilifikaje hapo wala kwa nini lilikuwa tupu. Makala hii inashikilia kwamba simulizi hizi mbili ni historia moja, na kwamba kambi ya Kongwa haiwezi kueleweka sawasawa mpaka ieleweke kwanza namna stesheni ya Kongwa ilivyojengwa na namna ilivyokufa.

Chanzo cha stesheni hiyo hakikuwa Ugogo, yaani nchi ya Wagogo ilipo Kongwa, bali jikoni mwa Waingereza. Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, Uingereza ilikabiliwa na uhaba mkubwa wa mafuta ya kula, kiasi kwamba siagi, mafuta ya kupikia na sabuni viligawiwa kwa vipimo. Mwaka 1946 Frank Samuel, aliyekuwa mkurugenzi wa United Africa Company, kampuni tanzu ya Unilever, alipendekeza kwa serikali yake kwamba karanga zilimwe kwa mashine katika maeneo mapana ya Afrika Mashariki. Serikali ilituma ujumbe ulioongozwa na John Wakefield, aliyewahi kuwa mkuu wa idara ya kilimo Tanganyika, na ujumbe huo ulizunguka kwa wiki chache, kwa sehemu kubwa ukiitazama nchi kutoka angani. Mpango uliotangazwa Februari 1947 ulikusudia kulima ekari 3,210,000 zilizogawanywa katika mashamba 107, kila moja likiwa na ekari 30,000. Mashamba 80 kati ya hayo yalipangiwa Tanganyika, na yaliyobaki yakapelekwa Kenya na Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia. Hilo ndilo lililojulikana kama Mradi wa Karanga, na Kongwa ndiyo iliyochaguliwa kuwa mahali pa kuanzia.

Sababu za kuichagua Kongwa zinastahili kuangaliwa kwa makini, kwa kuwa ndizo zilizokuja kuiangusha stesheni. Wapangaji waliona nchi pana, yenye watu wachache, isiyo mbali na Reli ya Kati. Hawakuuliza kwa nini watu walikuwa wachache. Wagogo, ambao ni wafugaji na wakulima wa uwele na mtama, wameishi kwa karne nyingi wakihama na kusambaza mifugo yao kwa kadiri mvua zinavyotaka, na kumbukumbu zao za njaa zina majina mahususi. Iliyo kubwa kuliko zote ni Mtunya, njaa iliyoiangamiza Ugogo mwishoni mwa Vita Kuu ya Kwanza na miaka iliyofuata. Jamii yenye kumbukumbu kama hizo ingeweza kumweleza mtaalamu yeyote kwamba mvua ya Kongwa si ya kuwekewa rehani, lakini hakukuwa na nafasi ya maelezo hayo katika mpango uliojengwa juu ya wastani wa mvua na hesabu za ekari.

Kuanzia mwaka 1947 mitambo ilimiminika. Matrekta na matingatinga yaliyotumika vitani yalinunuliwa kwingi, yakiwemo masalia ya jeshi la Marekani huko Ufilipino, na vifaru vya aina ya Sherman viligeuzwa kuwa matrekta. Bandari ya Dar es Salaam, ambayo haikuwahi kuandaliwa kwa shehena za namna hiyo, ililemewa. Septemba 1947 makuli wa bandari hiyo waligoma kudai ujira wenye kulingana na gharama za maisha, na mgomo ukapanda bara kwa kufuata Reli ya Kati. Njia iliyoletwa kupitisha mizigo ilipitisha pia habari na madai ya wafanyakazi, jambo ambalo wapangaji wa reli za kikoloni hawakulipenda wala hawakuweza kulizuia.

Tawi la kwenda Kongwa lilijengwa katika hali hiyo ya haraka. Lilikuwa la geji ya mita moja, yaani umbali kati ya chuma kimoja cha reli na cha pili ni milimita 1,000, sawa na Reli ya Kati, ili mabehewa yatoke bandarini na kufika shambani bila kupakuliwa njiani. Mwaka 1948 reli za Tanganyika ziliunganishwa na zile za Kenya na Uganda chini ya Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki, na mwaka huohuo shirika la serikali ya Uingereza la chakula cha ng'ambo lilichukua uendeshaji wa mradi kutoka United Africa Company. Kwa maneno mengine, stesheni ya Kongwa ilizaliwa ikiwa na mabwana wawili wapya, mmoja akiimiliki njia na mwingine akimiliki shehena, na uhai wake wote ulitegemea kitu kimoja tu: karanga zitoke.

Karanga hazikutoka. Udongo wa Kongwa una mfinyanzi mwingi, na kiangazi unakauka na kuwa mgumu kama saruji, hata jembe la trekta linauparuza tu juu juu; ndani yake mna chembe za mawe meupe magumu zinazokula chuma cha mashine, na karanga, ambayo huzaa chini ya ardhi, hata ikiiva haing'oki. Kabla ya kufika kwenye udongo huo palikuwa na vichaka vyenye mizizi iliyofungamana, na mibuyu ambayo kila mmoja uliwachosha madereva na mitambo yao. Mvua ikakosekana katika miezi ambayo hesabu za wapangaji zilisema ingenyesha. Baada ya miaka miwili mradi mzima ulikuwa umevuna karibu tani 2,000 za karanga, pungufu ya kiasi kilichonunuliwa kuwa mbegu. Kwa mabehewa ya siku zile, shehena kama hiyo ingemalizwa na treni chache tu. Inafuata kwamba, katika hesabu ya mizigo, tawi la Kongwa lilikuwa njia ya kuingiza na si ya kutoa: liliingiza matrekta, mafuta, mabati, saruji na vyakula vya makopo, na mabehewa yakarudi pwani matupu. Reli inayopakia upande mmoja tu haiwezi kujilipia, hata ikisimamiwa na watu hodari kiasi gani.

Januari 1951 serikali ya Uingereza ilikubali kuuacha mradi na kufuta deni la takriban pauni milioni 36. Mashamba ya Kongwa yaligeuzwa kuwa malisho ya ng'ombe, na ranchi ya Kongwa ikaendelea hata baada ya uhuru; wenye kejeli wanaweza kusema kwamba wataalamu walitumia mamilioni kugundua kuwa nchi ya Wagogo inafaa kwa ufugaji. Majengo mengine yalitumika kwa shule ya watoto wa Kizungu, ambayo nayo ilifungwa mwishoni mwa miaka ya 1950 na nafasi yake kuchukuliwa na shule mpya ya Iringa. Reli yenyewe haikungoja muda mrefu: katikati ya miaka ya 1950 huduma zilikoma na njia ikang'olewa. Chuma na mataruma, yaani vile vipande vinavyolazwa chini ya reli kuishikilia, ni mali inayohamishika. Tuta la udongo, misingi na majengo ya stesheni havihamishiki, na hivyo ndivyo vilivyobaki.

Je, kufungwa huko kulikuwa ni matokeo ya mvua na udongo peke yake? Jibu linapatikana kwa kulinganisha maeneo matatu ya Tanganyika ambako mradi ulifanya kazi. Urambo, magharibi ya Tabora, haikufanikiwa katika karanga zaidi ya Kongwa, lakini stesheni yake haikufa, kwa sababu iko juu ya njia kuu ya kwenda Kigoma, na treni ilipita hapo iwe karanga zimeota au hazikuota. Baadaye wakulima wa tumbaku waliikuta njia ikiwasubiri. Nachingwea, kusini, ilijengewa reli yake pamoja na bandari mpya ya Mtwara, na kwa kuwa njia hiyo haikuunganishwa na mtandao wowote mwingine, nayo ilifungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Kilichoua stesheni, basi, ni umbo la njia zaidi ya hali ya hewa. Njia iliyokwenda mahali pamoja kwa ajili ya zao moja haikuwa na cha kubeba zao hilo lilipokosekana, na wakazi wa Kongwa, ambao wangeweza kuwa abiria na wafanyabiashara wake, hawakuwa katika hesabu tangu mwanzo.

Hapa ndipo simulizi ya pili inapoungana na ya kwanza. Mei 1963 Umoja wa Nchi Huru za Afrika uliunda Kamati ya Ukombozi na kuiweka makao yake Dar es Salaam. Tanganyika ilihitaji mahali pa kuwaweka wapiganaji waliokuwa wakirejea kutoka mafunzoni katika nchi kama Algeria, Misri na Umoja wa Kisovieti. Mahali hapo hapakupaswa kuwa Dar es Salaam, penye majasusi na waandishi wa habari wengi, wala karibu mno na mipaka ya makoloni. Kongwa ilitimiza masharti yote. Ilikuwa karibu na Reli ya Kati bila kuwa juu yake, ilikuwa na barabara zilizofunguliwa na mradi, na zaidi ya yote ilikuwa na ardhi ambayo tayari ilikuwa mikononi mwa serikali. Jambo hili la mwisho halipewi uzito unaostahili. Serikali ya Mwalimu Nyerere iliweza kutoa eneo hilo bila kumhamisha mtu kwa sababu Waingereza walikwisha kulitwaa miaka 17 kabla. Ukarimu wa taifa huru ulisimama, kwa sehemu, juu ya unyang'anyi wa dola iliyotangulia. Kusema hivyo si kuupunguzia hadhi ukarimu huo bali ni kuwarudisha Wagogo katika historia ambamo wamefutwa mara mbili.

Kwa kuwa hati za uamuzi huo hazielezi kila kitu, hoja hii inaweza kupingwa kwamba Kongwa ilipatikana kwa bahati tu. Pingamizi hilo linadhoofishwa na Nachingwea. Eneo hilo nalo, baada ya karanga na reli kwisha, lilikuwa kambi kuu ya mafunzo ya FRELIMO, chama cha ukombozi cha Msumbiji, ambako Samora Machel, kiongozi wake wa baadaye, alijipatia sifa ya uongozi wa kijeshi. Maeneo mawili yaliyopoteza reli yalipata kambi, na Urambo, ambayo reli yake iliendelea kufanya kazi, haikuwa na umaarufu wa namna hiyo. Ukaribu wa Nachingwea na Msumbiji ulikuwa na uzito wake, bila shaka, lakini haufuti mfanano huu.

Wapiganaji wa ANC, chama cha ukombozi cha Afrika Kusini, waliofika kwanza Kongwa wameacha kumbukumbu za jengo bovu la reli, mahema, na kazi ya kujijengea mabweni kwa mikono yao wenyewe. FRELIMO, SWAPO ya Namibia na vyama vingine vilikuwa na sehemu zao jirani. Miongoni mwa waliopita hapo walikuwemo baadhi ya wapiganaji walioanzisha vita Msumbiji tarehe 25 Septemba 1964, na kundi la kwanza la SWAPO lililoondoka mwaka 1965 kuelekea Namibia, ambako mapigano ya Omugulugwombashe yalizuka tarehe 26 Agosti 1966. Kwa wengine, hasa wa Afrika Kusini, njia ya kurudi nyumbani ilikuwa imezibwa na makoloni yaliyokuwa katikati, na miaka ya kungoja ikazaa manung'uniko, uvunjaji wa nidhamu na hata utoro wa kukimbilia Kenya. Kulikuwa na maisha pia: wapiganaji walilima mboga, walizoeana na wanakijiji, wengine wakapata watoto na wanawake wa Kongwa, na wengine wamezikwa hapohapo. Vitabu vya vyama vya ukombozi, vinavyopenda kusimulia mapigano, havina raha na sehemu hii ya kungoja. Ilhali ndiyo iliyochukua siku nyingi zaidi, na ndiyo inayofanana zaidi na kazi ya stesheni.

Tanzania imepokea jukumu la kuongoza programu ya urithi wa ukombozi wa Afrika, na Kongwa, pamoja na makaburi yake, imo katika kumbukumbu hizo. Tatizo ni kwamba urithi huo unaelezwa kama ulioanzia katika pori tupu. Mgeni anayefika leo huonyeshwa kambi, na anastahili kuonyeshwa pia kilichoitangulia: tuta la reli, misingi ya mradi, na maelezo ya nani alikuwa akichunga mahali hapo kabla ya trekta la kwanza. Vitu hivyo si vya zege la kudumu. Tuta hulimwa, matofali huchukuliwa kujengea nyumba, na wazee waliofanya kazi katika Mradi wa Karanga wanazidi kupungua. Wizara yenye dhamana ya utamaduni, ikishirikiana na idara za historia za vyuo vikuu na Wilaya ya Kongwa, inapaswa kuipima na kuichora ramani njia yote ya zamani kutoka Msagali, kurekodi masimulizi ya wakazi waliobaki, na kuandika katika daftari la urithi wa Kongwa mwaka 1947 kabla ya mwaka 1964.