Kujitenga Wakati wa Maradhi: Funzo la Tauni ya Amwas na Mwanamke wa Makka

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Himidi zote ni za Allah (s.w.t.), rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), aali zake na Maswahaba zake. Ama baad:

Tangu maradhi haya ya korona yaingie, swali moja nimeulizwa mara nyingi kuliko mengine: "Shekhe, mtu akipata homa na kikohozi akajifungia ndani, asije hata msikitini, si ni kukosa tawakkul huko?" Wengine hata hawaulizi. Wanakuja safuni hivyo hivyo wakikohoa, kwa sababu wanaogopa kusemwa kuwa imani yao ni dhaifu. Na safu ya kwanza mnajua ni ya kina nani: wazee wetu, wenye sukari, wenye presha, wale wanaofika kabla ya adhana.

Kwa hiyo leo nataka tuzungumze kwa kirefu. Soma mpaka mwisho, inshaAllah. Sitaanza na madaktari. Nitaanza na watu ambao hakuna hata mmoja wetu atakayethubutu kusema kuwa imani yao ilikuwa ndogo.

1. UMAR (r.a.) ANARUDI NJIANI

Mwaka 18 Hijria, sawa na 639 Miladia, Khalifa Umar bin Khattab (r.a.) alitoka Madina kwenda Sham. Alipofika mahali paitwapo Sargh, akapokewa na makamanda wa jeshi wakiongozwa na Abu Ubayda bin Jarrah (r.a.), mmoja wa wale kumi waliobashiriwa Pepo. Wakampa habari kwamba tauni imeingia Sham. Tauni hii ndiyo inayoitwa Tauni ya Amwas, kwa jina la kijiji kilichokuwa Palestina.

Tazama alivyofanya Umar. Hakuamua peke yake. Ibn Abbas (r.a.) anasimulia kwamba aliwaita kwanza Muhajirina, wakatofautiana: wengine wakasema tuendelee, wengine wakasema turudi. Akawaita Answari, nao wakatofautiana vile vile. Akawaita wazee wa Kikureishi waliohama wakati wa Ufunguzi wa Makka, hao wakawa na kauli moja: rudi na watu, usiwaingize kwenye maradhi. Umar akatangaza kuwa asubuhi anapanda mnyama wake kurudi.

Hapo Abu Ubayda akauliza swali lile lile tunaloulizana sisi leo: je, huku ni kuikimbia kadari ya Allah? Umar akasikitika kwamba swali hilo limetoka kwa mtu mkubwa kama yeye, kisha akamjibu kuwa ndiyo, wanaikimbia kadari ya Allah kuiendea kadari ya Allah. Akampigia mfano wa mtu mwenye ngamia aliyeteremka kwenye bonde lenye pande mbili, upande mmoja una majani na wa pili ni mkavu. Akilisha kwenye majani, amelisha kwa kadari ya Allah. Akilisha kwenye ukavu, amelisha kwa kadari ya Allah. Sasa nani mwenye akili atakwenda kwenye ukavu?

Baadaye akaja Abdulrahman bin Awf (r.a.), ambaye hakuwepo kwenye mashauriano. Akasema anayo elimu ya jambo hili. Alimsikia Mtume (s.a.w.) akifundisha kwamba mkisikia tauni iko katika nchi, msiiendee, na ikitokea katika nchi mliyomo, msitoke kwa kuikimbia. Umar akamhimidi Allah na akaondoka. Kisa hiki kimo ndani ya Bukhari na Muslim, kakitazame.

Hadithi hiyo ina milango miwili, ndugu yangu. Mlango wa kwanza ni wa mzima: asiingie kwenye maradhi. Mlango wa pili ni wa aliyekwisha kuwa ndani yake: asitoke nayo kwenda nayo kwa wengine. Sisi tunaukumbuka sana ule wa kwanza, tunausahau wa pili.

2. WALIOBAKI SHAM

Abu Ubayda alirudi kwa jeshi lake. Umar akamwandikia barua ya kumwita Madina, akisema ana haja naye. Abu Ubayda akafahamu kuwa Khalifa anataka kumtoa kwenye hatari, akajibu kwa adabu kwamba yeye yuko pamoja na jeshi la Waislamu na hawezi kuipendelea nafsi yake kuliko wao. Umar aliposoma majibu yale akalia. Akamwandikia tena: basi wahamishe watu kutoka bonde lenye unyevu, uwapeleke mahali pa juu penye hewa safi.

Ajali ikamkuta Abu Ubayda, akafa kwa tauni hiyo. Akashika uongozi Muadh bin Jabal (r.a.), naye akafa, yeye na watu wa nyumbani kwake. Wanahistoria wametaja kuwa Waislamu waliokufa walifika takriban 25,000.

Kisha uongozi ukamfikia Amr bin al-As (r.a.). Akawahutubia watu kwamba maradhi haya yakiingia yanawaka kama moto, basi watawanyike milimani. Mmoja katika Maswahaba alimpinga kwa maneno makali, lakini Amr alitoka na watu wakatoka, wakatawanyika, na Allah akawaondolea. Habari ilipomfikia Umar hakuichukia.

Moto unakula kuni zilizolundikwa pamoja. Ukizitenga, unakosa cha kula. Amr hakuwa na darubini ya kuona vijidudu, lakini aliona maradhi yanavyokwenda, akatumia akili aliyopewa na Mola wake.

3. MWANAMKE WA MAKKA

Kisa hiki wengi hawakijui, na ndicho ninachotaka ukichukue zaidi ya vyote. Imam Malik amekipokea katika Muwatta.

Umar (r.a.) alimpita mwanamke mwenye ukoma akitufu Al-Kaaba. Ukoma leo una dawa na mtu anapona, alhamdulillah, lakini zama zile haukuwa na dawa. Umar hakumpigia kelele wala hakumdhalilisha. Alimwambia kwa upole kwamba asiwaudhi watu, na kwamba lau angekaa nyumbani kwake. Yule bibi akaenda akakaa.

Zikapita siku. Umar akafariki. Mtu mmoja akapita kwa yule mwanamke akamwambia kuwa aliyekukataza amekwishakufa, toka sasa. Yeye akajibu kwamba hawezi kuwa mtu wa kumtii akiwa hai kisha amuasi akiwa maiti.

Subhanallah! Tafakari. Hakuwekewa askari mlangoni. Hakuandikiwa amri na serikali. Alikuwa kwenye ibada tukufu, mahali patukufu kuliko pote duniani, akaiacha kwa ajili ya usalama wa wenzake. Na alipopata mwanya wa kutoka, hakutoka. Kujitenga kwake kulikuwa ni amana baina yake na Mola wake. Sasa wewe uliyekohoa usiku kucha, ambaye hakuna anayejua ila wewe na Allah, amana hiyo iko shingoni mwako.

4. KAIRO, MWAKA 833 HIJRIA

Al-Hafidh Ibn Hajar al-Asqalani, mwenye Fat-hul Bari, aliandika kitabu kizima juu ya tauni, Badhlul Maun. Hakukiandika kwa kusikia tu: mabinti zake walikufa kwa tauni. Anasimulia kwamba mwaka 833 Hijria (1430 Miladia) tauni iliingia Kairo, na waliokuwa wakifa walikuwa chini ya 40 kwa siku. Watu wakafunga siku tatu, wakatoka jangwani kwa mkusanyiko mkubwa, wakaomba, wakarudi. Mwezi haukuisha ila waliokufa walizidi 1,000 kwa siku.

Tusimsingizie shekhe. Yeye hakuwa akizungumzia virusi, havikujulikana wakati wake. Alikuwa akipinga mkusanyiko usio na asili kwa Maswahaba. Lakini tukio alilolishuhudia linatosha kutufunza. Dua ni silaha ya Muumini, hilo halina shaka. Ila dua haihitaji msongamano. Allah anakusikia ukiwa chumbani peke yako.

Na tumeona katika zama zetu: mwaka 2020, hijja ya 1441, Saudia ilitangaza kuruhusu mahujaji takriban 1,000 tu, wote kutoka ndani ya nchi. Hata Waunguja wanakijua kisiwa cha Changuu, mkabala na mji, ambako abiria wa merikebu waliwekwa karantini zama za nyuma. Si jambo geni kwetu.

5. SASA WEWE UFANYE NINI?

Ukipata homa, kikohozi, koo kuwasha, mwili kuuma, uchovu usio wa kawaida, au ukapoteza harufu na ladha, usisubiri uhakika. Anza hapo hapo.

Kwanza: Kaa nyumbani. Usiende sokoni, kazini, harusini, mazikoni wala msikitini. Wapigie simu kituo cha afya wakuelekeze kuhusu kupima. Maelekezo ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2020 yalikuwa siku 10 tangu dalili zianze, na juu yake angalau siku 3 bila homa wala tatizo la kupumua. Fuata idadi watakayokupa watu wa afya mahali ulipo.

Pili: Kaa chumba cha peke yako, dirisha wazi. Najua nyumba zetu: chumba kimoja watu watano, choo cha pamoja na wapangaji. Basi fanya unaloweza. Lala karibu na dirisha, wengine upande wa pili, wote wavae barakoa mkiwa pamoja. Ukiweza, kaa barazani au uani mbali na watu kuliko kukaa ndani pamefungwa. Chooni nenda wa mwisho, kisha futa kitasa na bomba kwa maji ya sabuni.

Tatu: Mtu mmoja tu akuhudumie, aliye mzima na si mzee. Aweke chakula mlangoni, aondoke, ndipo ukichukue. Sahani, kikombe na taulo viwe vyako. Bibi na babu wasikusogelee, hata kama wanalia kwa huruma.

Nne: Kunywa maji na uji, pumzika, tumia parasetamoli kwa homa kwa kipimo chake. Antibayotiki haziui virusi, usizinunue kwa kubahatisha. Asali na habasoda ni kheri, lakini haziwi badala ya hospitali. Na kujifukiza: mvuke unaunguza, na watu watatu chini ya shuka moja ni kuambukizana.

Tano: Zijue dalili za hatari. Kushindwa kupumua, kifua kuuma au kubana, kuchanganyikiwa, midomo kugeuka rangi, kulala fofofo bila kuamka vizuri. Ukiziona, usiseme "nitasubiri asubuhi". Hospitali hapo hapo, na uwaarifu kabla ili wajiandae. Mwenye sukari, presha, pumu au umri mkubwa asichelewe hata kidogo.

Sita: Ibada. Swali nyumbani, na Ijumaa yako ni Adhuhuri rakaa nne. Ukishindwa kusimama swali umekaa, ukishindwa kukaa swali umelala. Maji yakikudhuru, tayamamu. Ibn Abbas (r.a.) siku ya mvua tu alimwamuru muadhini awaambie watu waswali majumbani mwao. Na Mtume (s.a.w.) alimkataza aliyekula kitunguu saumu asiukaribie msikiti kwa sababu ya harufu. Ikiwa harufu imezuiwa, vipi maradhi? Wala usihuzunike kuwa umekosa thawabu: imethibiti katika Bukhari kuwa mgonjwa anaandikiwa yale aliyokuwa akiyafanya alipokuwa mzima.

6. NA SISI WAZIMA?

Hapa ndipo tunapopungukiwa. Mtu anafichaje homa? Kwa sababu mtaa mzima utamnyooshea kidole. Na kwa sababu asipofanya kazi leo, watoto hawali leo. Bodaboda na mama ntilie hawana likizo ya ugonjwa.

Kwa hiyo ukimwambia ndugu yako ajitenge, mpelekee unga. Weka mchele, mafuta na vocha ya simu mlangoni pake, bisha hodi, rudi nyuma, msalimie kwa mbali. Mpigie simu kila siku, hasa aliye peke yake. Viongozi wa misikiti, itoeni sadaka kwa kazi hii. Na anayemsengenya mgonjwa ajue kwamba yeye ndiye anayemsukuma kutoka nje na maradhi yake.

Nimalizie na bishara. Bi Aisha (r.a.) alimuuliza Mtume (s.a.w.) juu ya tauni. Akamfahamisha kuwa ni rehema kwa Waumini, na kwamba anayekaa mahali pake wakati wa tauni kwa subira, akitaraji malipo, akijua kuwa halitamfika ila alilomwandikia Allah, basi ana mfano wa ujira wa shahidi. Katika riwaya ya Imam Ahmad limetajwa neno nyumbani kwake. Na Ibn Hajar ameeleza kuwa fadhila hii anaipata hata asipokufa.

Tazama basi ukubwa wa jambo. Unayemwona amejifungia na barakoa yake, chai yake na msahafu wake, ukadhani amekimbia, huenda ndiye aliye jihadini.

Yaa Allah, waponye wagonjwa wetu, warehemu waliotangulia, walinde wazee wetu na wahudumu wa hospitali, na utupe nyoyo za kuchunga amana hata pasipo mwenye kutuona. Amin.

Ukinufaika, mfikishie mwenzako. Wabillahi tawfiq.