Mchezo wa vikwazo vya ndani

Mchezo wa vikwazo vya ndani ni mchezo wa watoto wadogo ambamo vyombo vya nyumbani hupangwa kuwa njia ya kutambaa, kuruka na kupanda. Katika jiji la Arusha, lililo kwenye mwinuko wa mita 1,400 hivi chini ya Mlima Meru, hufaa hasa wakati wa masika, Machi hadi Mei, nyua zinapojaa tope, na katika baridi ya Juni na Julai.

Kanga iliyotandazwa juu ya viti viwili huwa pango. Kamba iliyolazwa sakafuni huwa daraja jembamba. Mtoto hupita chini ya meza, huruka ndoo zilizolazwa, kisha hujitupa godoroni. Aachiwe pia kubuni njia yake mwenyewe, maana hapo akili hufanya kazi pamoja na misuli.

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2019 unapendekeza angalau dakika 180 za kujongea kila siku kwa watoto wa miaka 3 na 4, na mchezo huu huchangia muda huo.

Miguu iwe peku, kwa kuwa soksi huteleza kwenye saruji. Jiko la mkaa lisiwemo chumbani kabisa: huunguza, na hewa yake ya kaboni monoksaidi, isiyo na harufu, huua.