Fremu za Dhahabu za Makumbusho ya Kasri, Mji Mkongwe

Picha za masultani wa Zanzibar zimetundikwa humu ndani ya fremu za mtindo wa Ulaya. Kinachong'aa ni utando tu wa dhahabu, lakini kazi yake ilitaka subira kubwa. Kwa ufundi wa kale, mbao huchongwa, hupakwa chaki iliyochanganywa na gundi, kisha udongo mwekundu laini. Juu yake hulazwa vipande vya dhahabu vyepesi hata pumzi huvipeperusha, vikasuguliwa kwa jiwe la akiki. Dhahabu ikichakaa pembeni, wekundu unaochungulia ni udongo huo.

Kasri la awali la mahali hapa, Beit al-Sahel, lilibomolewa na mizinga ya Waingereza tarehe 27 Agosti 1896. Jengo la sasa likawa makumbusho mwaka 1994.

Tafadhali usiguse: mafuta ya vidole huharibu dhahabu.