Teria wa Kongo: Mbwa wa Msitu wa Ituri na Majina Aliyobebeshwa

Mwaka 1895, kwenye maonyesho ya mbwa ya Crufts mjini London, walionekana mbwa wawili wadogo wenye masikio yaliyosimama na mikia iliyojikunja juu ya kiuno. Waliitwa Teria wa Kongo, na wengine wakawaita mbwa wa porini wa Lagos, ingawa kati ya Lagos na Kongo kuna safari ndefu. Haukupita muda ugonjwa wa mbwa ukawaua wote wawili. Jina walilopewa halikufa nao. Lilibaki likizunguka Ulaya kwa miaka mingi, na ni mojawapo ya majaribio ya mwanzo ya Waingereza kumwandika mbwa wa misitu yetu katika daftari la mbwa wao wa kazi.

Msomaji wa Bunia aliyesoma shule kwa Kifaransa atalielewa jina hilo upesi. *Terre* ni ardhi, na *terrier* ni shimo la mnyama. Teria ni mbwa aliyezalishwa ili aingie chini, amfuate mbweha au wanyama wa jamaa ya nyegere hadi mwisho wa pango, ambane pale na kumbwekea bila kuchoka. Juu yake wawindaji hutega sikio ardhini, husikia sauti inatokea wapi, kisha huchimba. Teria bubu hana faida kwa mtu mwenye sururu.

Majina ya teria wa Uingereza yalitoka kwa watu waliofanya nao kazi. Wa Border anatoka mpakani mwa Uingereza na Uskoti, wa Lakeland kwenye milima ya maziwa, wa Bedlington katika mji wa wachimba makaa ya mawe. Mwingine amechukua jina la windo lake, ndiye fox-terrier, teria wa mbweha. Jack Russell ni jina la mchungaji John Russell wa Devon, aliyefariki mwaka 1883. Alipokuwa mwanafunzi Oxford, mwaka 1819, alimnunua mbwa jike aitwaye Trump, na uzao ukaanzia hapo. Dandie Dinmont alitoka kitabuni: ni mkulima katika riwaya ya Walter Scott, *Guy Mannering*, ya mwaka 1815, ambaye teria wake wote waliitwa ama Pilipili ama Haradali. Hata Airedale, mbwa wa bonde la mto Aire ambaye ni mkubwa mno kupenya shimo la mbweha, aliitwa teria. Jina lilikuwa limekwisha kupanuka kupita kazi yenyewe, kwa hiyo kulitupia Kongo halikuwa jambo gumu. Na teria ambaye Wakongo wamemfahamu zaidi ni wa kuchorwa: Milou, mbwa mweupe wa Tintin, aliyeletwa huku na kitabu kilichoanza kutoka gazetini Brussels mwaka 1930.

Mbwa wa Ituri haingii shimoni, wala habweki kama teria. Kazi yake ni nyingine kabisa, na ukitaka kuielewa ni lazima uteremke kutoka nyanda za Bunia, upite Komanda, uelekee Mambasa mpaka miti ifunge anga. Humo wawindaji wa Kimbuti wana desturi mbili. Walio jirani na Wabila, upande wa Epulu, huwinda kwa nyavu: kila nyumba huleta wavu wake, nyavu huunganishwa kuwa nusu duara, kisha wanawake na watoto hupiga kelele kutoka upande ulio wazi ili wanyama wakimbilie mtegoni. Waefe, walio jirani na Walese, ni watu wa upinde. Uwindaji wao wa kundi unaitwa *mota*, na Hitoshi Terashima, mtafiti wa Kijapani, aliueleza kwa kirefu katika makala aliyochapisha mwaka 1983. Wapiga mishale hujipanga kuzunguka kipande cha msitu na kusimama kimya. Mbwa huachiliwa ndani, akanusa, akapenya chini ya vichaka, akamtoa mboloko, paa mdogo wa msituni, mafichoni na kumsukuma kuelekea mishale. Katika msitu ambao jicho halifiki mita ishirini, mtu peke yake angempita mnyama huyo kwa hatua chache asijue.

Hapa ndipo kimya cha mbwa kinapokuwa na maana. Mboloko hasikii kubweka kwa mbali, hivyo haondoki mapema. Lakini mwindaji naye anahitaji kujua mbwa yuko wapi, na jibu la watu wa msitu lilikuwa kengele. Huchongwa kwa mti, au hutengenezwa kwa ganda gumu la tunda la mvumo, hutiwa vijiti ndani, hufungwa shingoni. Mlio wake ni mkavu na mfupi. Unamwambia mwenye upinde mbwa yuko upande gani, anakwenda kasi au amesimama. Teria huwaongoza watu wa sururu kwa koo lake, na mbwa wa Ituri huwaongoza watu wa upinde kwa kazi ya fundi wa mti. Mimi naiona kengele hiyo kuwa ya ustadi usiopungua wavu wala sumu ya mshale, na inasikitisha kwamba wanaotaka kuiona leo huikuta kwa urahisi zaidi katika makumbusho ya Ulaya na Marekani.

Wala si kweli kwamba mbwa huyu ni bubu. Hulia, huomboleza, hutoa sauti ya kupanda na kushuka inayofanana na mtu anayeimba bila maneno, na mara mojamoja hubweka, mara moja tu, kisha akanyamaza. Ni mwepesi: dume husimama kama sentimita 43 begani na kuwa na uzito wa kilo 11 hivi, na jike ni mdogo kidogo. Jike hupata joto mara moja tu kwa mwaka, tofauti na mbwa wengi wa Ulaya.

Msafiri Mjerumani Georg Schweinfurth alimkuta kwa Wazande mnamo 1870, alipokuwa njiani kwenda kwa Mangbetu katika jumba la mfalme Mbunza. Aliandika juu ya mbwa wadogo wenye mikia ya kujikunja na kengele za mti shingoni. Katika vitabu vya wakati huo wanaitwa mbwa wa Niam-niam, jina ambalo Wazande hawakujiita. Walipewa na Wadinka, na lilikuwa la kuwasingizia kuwa walaji wakubwa, yaani walaji watu. Mzande mwenyewe humwita mbwa *ango*, Muhema wa kusini husema *embwa*, Mualuri *gwok*, nasi Bunia tunasema *imbwa*. Hakuna hata neno moja kati ya hayo lililofika London.

Lililofika ni baya zaidi kuliko Niam-niam. Mwaka 1923 Lady Helen Nutting, aliyekuwa akiishi Khartoum, alipeleka Uingereza mbwa sita wa Kizande kutoka Meridi, kusini mwa Sudan. Walikufa baada ya kudungwa chanjo. Olivia Burn naye alijaribu mwaka 1929 akashindwa, akafanikiwa mwaka 1936 kwa mbwa aliowatoa Kongo. Mwaka uliofuata aliwaonyesha Crufts, na watu wakasongamana kuwatazama. Hao hawakuitwa teria tena. Waliitwa Basenji, na ndilo jina linaloandikwa hadi leo katika daftari zote duniani.

Vitabu vingi vya wafugaji hueleza kwamba maana yake ni kitu kidogo cha porini. Kwa mtu wa Ituri maelezo hayo hayakubaliki. Basenji ni washenzi, kwa kiambishi cha Kilingala. Neno lilipanda kutoka pwani pamoja na misafara ya pembe za ndovu, likiwa mdomoni mwa watu walioitwa Waungwana, watu wa Ugarrowa na Kilonga-Longa, ambao Stanley aliwakuta wamejenga vituo katika msitu wa Ituri mwaka 1887. Waungwana walikuwa wao. Washenzi walikuwa wenyeji. Serikali ya Kibelgiji ikalirithi neno hilo na kulitumia kwa watu wa vijijini. Lugha ya misafara hiyo ilibaki nasi ikaitwa Kingwana, lugha ya waungwana, na mbwa wa wenyeji akapewa jina la upande wa pili. Vyote viwili, sifa na tusi, viliingia msitu huu kwa njia moja. Na tazama jinsi tusi lilivyohama: lilimhusu mwenye mbwa, watu wakalipokea huko nje kama sifa ya mbwa.

Katika vitabu hivyohivyo kuna jina jingine linalodaiwa kuwa la Kiswahili, *m'bwa m'kube m'bwa wamwitu*, nalo hutafsiriwa mbwa arukaye juu na chini. Anayesoma makala haya anajua kwamba hakuna kuruka kokote humo. Kuna mbwa wa mwitu, na pengine mbwa mkubwa aliyeandikwa na mtu asiyesikia vizuri. Kosa hili limenakiliwa kwa miongo mingi bila mtu kumuuliza msemaji yeyote wa Kiswahili, na sisi tuko zaidi ya milioni mia moja.

Huko Marekani mbwa huyu aliingia kwa bahati: mwaka 1941 mmoja alikutwa amejificha ndani ya meli iliyotoka Afrika Magharibi na kutia nanga Boston. Chama cha wafugaji wake kikaundwa mwaka 1942. Kisha wanasayansi John Paul Scott na John Fuller, katika maabara ya Bar Harbor, wakamweka kwenye uchunguzi wao wa tabia za mbwa wa aina tano, na mmoja wa wenzake alikuwa fox-terrier. Hapo teria na yule aliyeitwa teria wakawa jirani. Kitabu cha uchunguzi huo, kilichotoka mwaka 1965, kinasema watoto wa fox-terrier walimwonea mwenzao mmoja hadi ikabidi watenganishwe katika makundi madogo, na watoto wa basenji wenye wiki tano walimkimbia mtu kama wanyama wa porini, lakini wiki chache baadaye walikuwa wamezoea.

Uzao wa Ulaya na Marekani ulitokana na mbwa wachache mno, na magonjwa ya ukoo, ya damu na ya figo, yakajitokeza. Hivyo wafugaji walirudi kuomba damu mpya. Veronica Tudor-Williams alikwenda kusini mwa Sudan mwaka 1959 akarudi na jike mwekundu aitwaye Fula, ambaye leo yumo katika nasaba ya karibu kila basenji. Mwaka 1987 na 1988 Wamarekani walifika kaskazini-mashariki mwa Zaire, wakazunguka vijiji vya Uele kwa Wazande. Baadhi ya mbwa waliowapata walikuwa na milia, na mwaka 1990 daftari la Marekani lilifunguliwa kuwapokea. Mbwa hao wakaitwa *Avongara*, jina la ukoo wa watawala wa Kizande. Mbwa aliyepewa jina la washenzi akapata, karibu karne moja baada ya Crufts ile ya kwanza, jina la kifalme. Nimefurahi kwamba safari hii angalau waliuliza ni nani aliyetawala pale.

Habari za Misri sizitilii uzito. Kweli, mawe ya makaburi ya mafarao yana mbwa wenye mikia ya kujikunja, na wapenzi wa basenji huona humo babu yake. Mkia hauwezi kuthibitisha nasaba. Vipimo vya vinasaba, tangu mwaka 2004, vinaonyesha tu kwamba ukoo wake ulitengana mapema na wa mbwa wa Ulaya, na hilo ni sifa ya kutosha bila farao.

Leo shirikisho la kimataifa la mbwa, FCI, limemtoa mbali na teria na kumweka miongoni mwa aina za kale. Kwenye karatasi yake, namba 43, nchi ya asili imeandikwa Afrika ya Kati, na ulezi wa maelezo yake uko mikononi mwa Uingereza. Huku kwetu mitego ya waya imepunguza kazi ya mbwa, vita vimehamisha vijiji, na mbwa wa mijini wanaofuata barabara wanachanganyika na wa msituni. Vyuo vikuu vya Bunia vina wanafunzi wanaozungumza lugha zote zinazohusika. Waende Mambasa, Nia-Nia na Biakato, waulize kwa Kiefe, kwa Kilese na kwa Kibila: mbwa wa kuwinda anaitwaje, kengele yake inaitwaje, anaitwaje yule anayejua kumtoa mnyama na yule anayempoteza, wayaandike majibu, na mbele ya kila jibu waweke jina la kijiji lilikotoka.