Kubadili Chama na Kubakiza Boma: Maneno ya Utawala kutoka Singida

1.0 Utangulizi



Kila uchaguzi unapokaribia husikika hoja mbili zinazopingana. Wapo wasemao kwamba serikali ikiharibika, dawa yake ni kukiondoa madarakani chama kilichoiunda. Wapo pia wanaojibu kwamba wapinzani nao ni walewale. Hoja ya kwanza inatarajia makubwa mno kutoka katika sanduku la kura, na ya pili inamzoesha raia kukata tamaa. Katika mhadhara huu ninakusudia kuonyesha kwamba hoja zote mbili humtazama aliyekalia kiti na kukisahau kiti chenyewe. Kwa kuwa taaluma yangu ni isimu, nitafuatilia historia ya maneno machache ya utawala, nikianzia mkoani Singida.

2.0 Boma

Maana ya msingi ya neno boma ni ngome au uzio unaowakinga watu na mifugo. Wajerumani walipoweka kituo chao cha kijeshi Kilimatinde katika miaka ya 1890, na hatimaye kuitawala nchi yote ya Singida, neno hilo lilikuwa limekwisha kupata maana ya pili: makao ya serikali. Huko ndiko kodi ilikopelekwa na viboko vilikochapwa. Wanyaturu hawakuwa na mtawala mmoja wa nchi nzima. Mambo yao yaliamuliwa katika koo na vijiji. Kwao amri ya boma lilikuwa jambo geni, na simulizi zao hadi leo humtaja Liti, mwanamke anayesemekana kuwapiga vita Wajerumani kwa kuwatumia nyuki.

Mwaka 1916 Waingereza waliwaondoa Wajerumani. Ni vigumu kufikiria badiliko kubwa la watawala kuliko hilo, kwani dola, bendera na lugha ya ofisini vilibadilika kwa pamoja. Hata hivyo, boma liliendelea kuitwa boma, na mtu aliyeitwa na serikali aliendelea "kwenda bomani". Mwaka 1921 watawala wapya walitunga sheria ya kuwahamisha watu kwa nguvu kutoka makwao na sheria ya kuiadhibu jamii nzima kwa kosa la wachache. Naomba sheria hizi mbili zikumbukwe, kwani tutakutana nazo tena.

3.0 Jimbo, mkoa na hatamu

Wakati wa Waingereza, Singida ilikuwa sehemu ya Jimbo la Kati. Jimbo lilikuwa eneo la mtawala aliyeteuliwa kutoka juu. Baada ya Uhuru eneo la namna hiyo liliitwa mkoa, na neno jimbo likabaki kwa eneo la mbunge anayechaguliwa. Msikilizaji anaweza kudhani kwamba jina lilipohama, mamlaka nayo yalihama kutoka kwa mteuliwa kwenda kwa mchaguliwa. Sivyo ilivyokuwa.

Mwaka 1962 nafasi za maofisa wa kikoloni zilichukuliwa na wakuu wa mikoa na wilaya walioteuliwa na Rais, ambao walikuwa pia makatibu wa TANU katika maeneo yao. Sheria za wakati huo ziliwapa uwezo wa kumweka mtu mahabusu kwa saa 48. Mwaka 1963 uchifu ulifutwa, lakini boma lilibaki. Mwaka 1975 Katiba ilirekebishwa na ikatamka ukuu wa chama. Hapo ndipo iliposhamiri kaulimbiu ya "chama kushika hatamu". Hatamu ni kamba ya kumwongozea mnyama. Sitiari hiyo inaeleza mambo waziwazi kuliko pengine walivyokusudia waliyoieneza, kwani mwenye hatamu huamua njia, na anayeongozwa haulizwi.

Mwaka 1991 Rais Ali Hassan Mwinyi aliunda Tume iliyoongozwa na Jaji Mkuu Francis Nyalali kukusanya maoni kuhusu mfumo wa vyama. Takriban asilimia 80 ya waliotoa maoni walipendelea chama kimoja kiendelee, lakini wengi miongoni mwao walitaka mabadiliko makubwa ndani ya mfumo huo. Kwa maneno mengine, kilichowasumbua ni namna walivyotawaliwa zaidi ya idadi ya vyama. Tume ilipendekeza vyama vingi, na papo hapo ikaorodhesha sheria 40 zilizostahili kufutwa au kurekebishwa. Zile mbili za mwaka 1921 zilikuwamo, na hali kadhalika sheria za mwaka 1962 za wakuu wa mikoa na wilaya.

Pendekezo la kwanza lilitekelezwa upesi: vyama vingi viliruhusiwa mwaka 1992. La pili lilisuasua. Sheria ya Tawala za Mikoa ya mwaka 1997 ilichukua nafasi ya sheria za 1962, lakini uwezo wa kumweka mtu mahabusu kwa saa 48 ikaurithi.

Mwaka 2010 wapiga kura wa Singida Mashariki walimchagua Tundu Lissu wa CHADEMA kuwa mbunge, wakamchagua tena mwaka 2015. Jimbo lilikuwa limehamia upinzani. Lakini mkuu wa mkoa, mkuu wa wilaya na mkurugenzi wa halmashauri waliendelea kuteuliwa, na kura ya mwanakijiji haikuwafikia. Ni kweli kwamba jimbo moja si serikali nzima. Kwa hiyo hatuna budi kutazama nchi ambako chama tawala chenyewe kiliondolewa.

4.0 Majirani zetu

Nchini Zambia, Rais Kenneth Kaunda alimweka kizuizini kiongozi wa vyama vya wafanyakazi, Frederick Chiluba, mwaka 1981. Mwaka 1991 Chiluba na chama chake cha MMD walimshinda Kaunda kwa kura nyingi. Desemba 1997, baada ya jaribio la mapinduzi, Kaunda alikamatwa chini ya hali ya hatari iliyotangazwa na Chiluba. Mfungwa na mfungaji walibadilishana nafasi, na mamlaka ya kufunga yakabaki palepale.

Nchini Kenya, KANU iliyotawala tangu 1963 iliangushwa na muungano wa NARC Desemba 2002. Manufaa yalionekana mara moja: Januari 2003 elimu ya msingi ilitolewa bila ada. Lakini wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Kashfa ya Anglo Leasing, ambayo mizizi yake ilikuwa katika utawala uliotangulia, iliendelea ndani ya utawala mpya, na Februari 2005 John Githongo, aliyepewa kazi ya kupambana na rushwa, alijiuzulu. Wakuu wa mikoa na machifu waliendelea kuwa watumishi wa Rais. Badiliko la kina zaidi lilitokana na Katiba ya mwaka 2010, iliyoleta kaunti 47 zenye magavana wa kuchaguliwa. Hata hapo, sheria ya mwaka 2013 iliweka kando ya kila gavana kamishna wa kaunti anayetoka serikali kuu. Boma halibomoki kirahisi.

5.0 Hitimisho

Nisieleweke kuwa ninatetea chama chochote kidumu madarakani. Chama kisichoogopa kushindwa hakina sababu ya kujirekebisha, na haki ya kukiondoa ni ya lazima. Ninachosema ni kwamba haki hiyo haitoshi. Anayerithi boma hurithi na funguo zake, na ni wachache wanaozirudisha kwa hiari.

Kwa hiyo, mgombea wa chama chochote anapofika Ikungi, Iramba au Manyoni kuomba kura, asiulizwe tu atajenga barabara gani. Aulizwe pia: ni sheria ipi atakayoifuta, ni cheo kipi cha kuteuliwa atakachokiweka chini ya kura ya wananchi, na nani atakayekuwa na uwezo wa kumzuia yeye mwenyewe akikosea? Asiyekuwa na jibu kwa maswali hayo anaomba kukabidhiwa hatamu.